Nafasi Kwenye Begi la Nesta

Kama kuna kitu Atupele alikuwa hakivumilii, ni mkunjo wa nguo. Ungeweza kumkuta na sufuria la jana halijaoshwa na asione tabu, lakini harusini alikuwa radhi kusimama ibada nzima kuliko kukaa kwenye benchi akatoka na gauni lililojikunja nyuma. Kibandani kwake Tunduma, karibu kabisa na mpaka, alikuwa anauza mashati na magauni. Kilichompa jina, hata hivyo, si nguo bali mikono. Wafanyabiashara wa ng'ambo walikuwa wanamletea mabegi yao wenyewe awapangie. Wanasimama pembeni, wanamtazama anavyoviringisha suruali zikakaza, anavyosokomeza soksi ndani ya viatu, anavyotandika nailoni za mashati mapya katikati ya gauni kabla ya kulikunja ili kitambaa kiteleze kisishike alama. Mzigo wa mabegi mawili ulikuwa unaingia kwenye moja na zipu inafungwa kwa kidole kimoja.

"Natotela, Ba Atu," walikuwa wanamshukuru kwa Kibemba, naye anajibu kama mtu asiyejali, kumbe anajali sana. Alijiona fundi, na kusema kweli alikuwa fundi. Ubaya wa ufundi wa namna hiyo ni kwamba mtu huanza kuiona dunia nzima imekunjwa vibaya.

Mwaka huo mdogo wake, Lusubilo, alipata mchumba. Msichana anaitwa Nesta, wa familia ya wakulima wa kahawa huko Mbozi, nje kidogo ya Vwawa. Katika ukoo wa kina Nesta kulikuwa na jambo lao: siku moja kabla ya ndoa, upande wa mwanaume unaleta begi la nguo za bibi harusi, linafunguliwa mbele ya wanawake wa kwao, linapigiwa vigelegele, kisha linafungwa likisubiri kwenda na mwenyewe. Kulijaza ni kazi ya mama mzaa bwana harusi, wala hasaidiwi.

Mama yao, Loisi, alikuwa mjane anayelima maharage kwenye miteremko ya Itumba. Begi lenyewe alilinunua Lusubilo, kubwa, jekundu, la ganda gumu na matairi manne, na mama aliliangalia siku ya kwanza kama mtu aliyepewa shamba asilojua litalimika lini. Tangu mavuno akawa anatia kimoja kimoja. Leo kitenge, mnada ujao sweta, mwezi mwingine viatu. Atupele alipofika nyumbani siku mbili kabla ya safari, kitu cha kwanza alichoonyeshwa, kabla hata ya uji, ni begi.

Mama akafungua kifuniko na nguo zikainuka zenyewe kama unga wa maandazi uliolala na hamira. Kila kitu kilikuwa kimekunjwa kwa upana. Sweta limekunjwa mara moja tu, vitenge vimelazwa vimevimba, gauni la satini limerundikwa juu na mikono yake imejisokota. Mama akarudisha kifuniko, akapiga goti juu yake, akavuta zipu huku anahema.

"Unaona lilivyoshiba?" akasema, na uso wote ulikuwa unacheka.

Atupele akajibu kwamba limeshiba kweli. Lakini moyoni alikuwa keshafika Vwawa. Aliwaona wanawake wa mjini, wake wa watumishi wa ofisi za mkoa, wanainua lile gauni la satini kwa ncha za vidole, limejikunja kama karatasi iliyofungiwa karanga, kisha wanatazamana. Haya zikampanda mpaka masikioni. Tusimsingizie wema: hakumhurumia mama yake, wala hakutaka kumsaidia. Alimwonea haya. Aliona haya kuwa mtoto wa mwanamke anayefunga begi kwa goti.

Kesho yake mchana mama alipokwenda mazoezi ya kwaya, Atupele akalilaza begi kitandani, akatoa kila kitu, akawasha pasi ya mkaa. Akapiga pasi moja baada ya nyingine, kisha akapanga kama anavyopangia watu wa mpakani. Viatu na vitu vizito vikakaa chini upande wa matairi. Vitenge vikaviringishwa vikawa vyembamba. Gauni la satini likalazwa na nailoni yake, laini kama lilivyotoka dukani. Alipomaliza, kila alichokinunua mama tangu mavuno kilikuwa kimekaa upande mmoja wa begi, na upande wa pili ulionekana bitana nyeupe tupu.

Akalipiga picha kwa simu. Akamtumia rafiki yake Irene, aliyekuwa na kibanda jirani na chake huko Tunduma, na Irene akarudisha mioyo mitatu. Kisha akalifunga. Uzito ulikuwa ule ule, na ganda gumu kwa nje halionyeshi njaa wala shibe. Mama aliporudi jioni akalipapasa tu na kulifunika kwa kanga lisiingie vumbi.

Safari ilikuwa kwa Noah ya kukodi. Walipofika Mpemba dereva akalisimamisha begi wima ili abiria wengine wapate pa kuweka miguu, na humo ndani kitu kikateleza kwa kishindo. Mama akageuka kuuliza ni nini hicho.

"Viatu, mama," Atupele akajibu. Alichokuwa anawaza ni kwamba alipaswa kukaza vizuri mikanda ya ndani.

Kwa kina Nesta walipokelewa vizuri. Wageni wa kike walipewa chumba kimoja kikubwa cha kulala, isipokuwa Atupele, ambaye alikuwa ameshajichukulia chumba gesti mjini Vwawa na kuacha begi lake dogo huko, kwa sababu hakutaka gauni lake la sare ya harusi lilale kwenye mkeka pamoja na mizigo ya watu. Baada ya chai, wanawake wakajaa sebuleni, begi jekundu likawekwa katikati, na shangazi wa Nesta, Restuta, akapiga magoti mbele yake. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti isiyohitaji kupanda ili isikike.

Akavuta zipu. Ikakimbia mpaka mwisho bila kugoma hata mara moja. Atupele alijisikia fahari kidogo, kisha akaona wanawake wawili wanaangaliana.

Kifuniko kikafunguka. Nguo zilikuwa zimejikusanya kwenye pembe moja kama kuku walionyeshewa, na sehemu yote iliyobaki ilikuwa bitana nyeupe. Hakuna aliyepiga kigelegele. Restuta akaweka kiganja chake pale palipo wazi, akapapasa kama anayetafuta kitu kilichoanguka.

"Mkwe, naona mmelileta na nafasi," akasema taratibu. "Hapa tuweke nini?"

Kicheko kifupi kikapita upande wa dirishani na kuzimika. Hapo ndipo Atupele alipoelewa alichokifanya. Hakuna mle ndani aliyekuwa anatafuta mikunjo. Kila mama aliyekaa pale alijua kukunja kwa upana, kuvimbisha na kubana kwa goti, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuwa na nguo za kujaza begi la ukubwa ule. Wala haukuwa udanganyifu. Ilikuwa heshima, mradi mtu aifanye kwake kabla hajatoka.

Loisi alilitazama lile begi. Alitazama vitenge vilivyoviringishwa, soksi zilizochungulia kwenye viatu, nailoni. Ni mikono ya mtu mmoja tu duniani ambayo ingepanga hivyo. Lakini hakugeuza shingo kumwangalia mwanaye, hata kwa jicho la pembeni.

"Nimepanga mimi," akasema. "Macho yangu siku hizi yananidanganya."

Atupele alitazama zulia, akaona ua jekundu kwenye zulia, akaendelea kuliangalia lile ua kama vile ndilo lililomleta Vwawa.

Restuta akaeleza, bila ukali, desturi ya nyumba ile. Begi la binti yao halifungwi mpaka ligome kufungwa. Likifunga kirahisi wanaliacha wazi, na kesho litatoka nyuma ya Nesta likiwa wazi hivyo hivyo, mbele ya waumini na majirani. Wanaruhusiwa kuongeza. Kupanga upya hapana, maana kulipanga upya mbele yao itakuwa ni kuwadanganya huku wanaangalia. Na kitakachoingia hakitoki.

"Nipeni muda kidogo," Loisi akasema, akaenda chumba cha wageni.

Atupele akamfuata. Alimkuta ameinama kwenye mfuko wake wa safari, anatoa blanketi alilokuja nalo kwa baridi ya Mbozi, anatoa sweta lake, anatoa doti ya kanga. Mwisho akatoa gauni la sare, kitenge cha bluu chenye maua ya njano, walichoshona wanawake wote wa upande wao kwa ajili ya kesho. Akalikunja mara moja tu, kwa upana.

"Mama, hilo hapana. La kwangu liko gesti, nipande bodaboda nikalilete."

"Wanasubiri sasa hivi."

"Basi niende nikawaambie ni mimi."

Mama akaweka gauni juu ya blanketi, akalisawazisha kwa viganja.

"Nenda kaseme," akamwambia. "Watakuuliza kwa nini ulilifungua. Utawajibu nini?"

Mama hakungoja jibu. Alibeba vitu vyake mikononi akatoka, na Atupele akabaki ameshika mlango wa chumba cha watu, anaona aibu ambayo hakuwahi kuijua. Ile ya kwanza ilikuwa ya kuogopa macho ya watu. Hii ilikuwa ya kujulikana na mama yake mzazi. Mama alijua kwamba anaonewa haya. Alijua tangu kifuniko kilipofunguka, pengine tangu siku ile alipouliza kama limeshiba.

Aliporudi sebuleni blanketi lilikuwa limeshaingia, na sweta, na kanga. Sare iliwekwa juu ya vyote. Wanawake wa upande wa bwana harusi walioitambua waliangalia chini. Restuta akashusha kifuniko, kikakataa. Akapiga goti moja, kikakataa. Akapiga la pili, na mwenzake akavuta zipu huku anahema, na ndipo vigelegele vikapanda mpaka kwenye bati.

Loisi alikuwa amesimama na gauni lake la safari, la kahawia, lenye tope la Itumba kwenye upindo. Alikuwa anatabasamu. Atupele alilitazama lile tabasamu akashindwa kulivumilia.

"Shangazi Restuta," akasema, na vigelegele vikakatika. "Begi lilikuwa limejaa. Mama alilijaza mwenyewe nyumbani. Mimi nililifungua akiwa hayupo, nikalipanga upya."

"Kwa nini?"

Lilikuwa ni lile swali. Angeweza kusema alitaka kuokoa nafasi. Angeweza kusema ndivyo wanavyofanya Tunduma.

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini?"

Atupele alimtazama mama yake, na safari hii mama alimtazama pia.

"Ya mikunjo," akasema.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Restuta, akiwa bado amepiga magoti juu ya begi, alimwangalia kwa muda kama mtu anayejaribu kuelewa mtoto analia nini.

"Mikunjo?" akasema. "Mikunjo si inapigwa pasi, mwanangu."

Akanyanyuka akatoka kwenda kuangalia chakula. Begi halikufunguliwa. Lililogoma kwao hufunguliwa na mwenyewe nyumbani kwa mumewe.

Atupele hakurudi gesti. Jioni alifua upindo wa gauni la kahawia akalianika karibu na moto wa jikoni, na usiku akalala kwenye mkeka pembeni ya mama yake, wamejifunika shuka la kuazima. Asubuhi akaenda kumwomba Restuta pasi ya mkaa. Restuta akampa, akamwongezea na makaa. Atupele alilipiga lile gauni kola, mikono, kiuno na upindo. Alilipiga pasi kuliko alivyowahi kupiga nguo yoyote maishani, na lilibaki gauni la kahawia.

Alipompelekea mama alimwambia kwamba na yeye hatavaa sare. Atavaa sketi aliyosafiria, wawe wawili.

"Nenda gesti ukavae," mama akasema huku anafunga vifungo. "Picha ikose mtu mmoja, isikose wawili."

Akaenda akavaa. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kuvaa ile bluu yenye maua ya njano, imetoka begini haina alama hata moja. Kanisani wanawake wa upande wao walijipanga wote rangi moja, na katikati yao mama wa bwana harusi kwa kahawia, bila sweta, anajikumbatia mikono kwa baridi. Mpiga picha alimwomba asogee pembeni kidogo, akidhani ni jirani. Atupele ndiye aliyemwambia huyo ni mama.

Ibada ilipoanza watu wakakaa. Mama akakaa, na gauni alilolipiga pasi kwa asubuhi nzima likajikunja pale pale mapajani. Atupele alibaki amesimama ukutani kama kawaida yake, na safari hii hata yeye hakujua anasimamia nini. Mama aligeuka akamtafuta kwa macho, akasogea, akapigapiga benchi kwa kiganja.

"Njoo ukae, Atu."

Akaenda akakaa.