Mafundi Wenye Maji Mdomoni

Chemutai alipoingia karakana ya Omollo kwa mara ya kwanza, alikuta watu wazima wameketi duara juu ya maranda, kimya kama wako kanisani, wakimtazama mzee mmoja aking'ang'ana na kiti. Kilikuwa kiti cha kukunja. Mzee alikivuta huku, akakisukuma kule, akakipindua miguu juu, mwishowe akakikalia kikiwa kimejikunja nusu, na hakuna aliyenyanyuka kumsaidia. Aliyeteseka kuliko mzee alikuwa Kebaso, fundi wa kuchomelea vyuma aliyekitengeneza. Alikaa mbele kabisa, mashavu yamemvimba, jasho linamtiririka. Chemutai alidhani jino linamsumbua. Kumbe mdomo wake umejaa maji.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni yao. Mafundi wa Roret na vijiji vya jirani walikutana hapo Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, soko likianza kupoa. Aliyetengeneza kitu alikileta, na mtu asiyekijua aliitwa kutoka barabarani akitumie. Mwenye kitu alipewa kikombe, akavuta funda la maji na kulishika mdomoni mpaka mtumiaji amalize. Asimeze, asiteme. Desturi hiyo aliianzisha Omollo mwenyewe, seremala kutoka upande wa ziwa, aliyewafanyia kazi wenye mashamba makubwa ya chai miaka mingi kabla ya kufungua karakana yake. Alikuwa ameona kwamba fundi ni kiumbe asiyeweza kunyamaza.

"Ukimwuzia mtu kiti, huendi nacho nyumbani kwake," alimweleza Chemutai alipomwona ameduwaa mlangoni. "Sasa ukikaa hapa unamwambia shika hapa, vuta pale, kesho atamwuliza nani?"

Kebaso alipomeza maji yake hakujitetea. Alipiga magoti mbele ya mzee na kumwuliza mkono wake ulikuwa unatafuta nini pale ulipopapasa chini ya kiti. Mzee akamwonyesha. Eucabeth, fundi cherehani mwenye mdomo mwepesi, alisema kiti hicho kingemfaa mtu anayetaka wageni waondoke mapema. Watu wakacheka, Kebaso naye akacheka, kisha wote wakainama juu ya kiti na kuanza kuelezana namna ya kukirekebisha, kila mmoja akitoa alichokijua bila kukificha. Chemutai alisimama pale pale mlangoni, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Alikuwa amerudi kutoka chuo kikuu Nairobi mwaka huo wa tisini na saba, na shahada ya ubunifu, bila kazi, na imani tele kwamba vitu vikitengenezwa kwa upendo watu wataishi vizuri zaidi. Imani hiyo alikuwa ameibeba peke yake kama mtu anayebeba yai sokoni. Hapa aliwakuta watu walioibeba zamani, na hawakuwa hata na jina la kuiita.

Aliondoka hapo akijua atakachokileta.

Nyumbani, kilima cha pili kutoka sokoni, mama yake Janeffer alikuwa na mikono iliyochuma chai tangu usichana. Sasa baridi yabisi ilikuwa imevikunja vidole vikawa kama tangawizi. Hakuweza kufunga kifungo wala kukamua ng'ombe, na hayo alikuwa ameyakubali. Jambo lililomwuma ni moja. Mwezi wa Desemba, jamaa za kijana aliyetaka kumwoa mdogo wake Chemutai walikuwa wanakuja kwa koito, siku ya posa ambapo nyumba mbili huketi na kukubaliana. Siku kama hiyo mama mwenye nyumba huwamiminia wageni mursik, maziwa ya mgando yanayolazwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa ya mti wa senetwet. Na kibuyu kikijaa ni kizito, tena kinateleza.

Mama alikuwa ameshaamua. Shangazi, dada ya marehemu baba, ndiye angemimina, na mama mwenyewe angebaki jikoni mpaka wageni waondoke.

"Wataangalia mikono waache kuangalia maziwa," alisema, na tangu siku hiyo hakutaka habari hiyo itajwe tena.

Chemutai alichora usiku na mchana. Mwezi uliofuata alifika karakana na kigoda cha mbao chenye uma mbili, na katikati yake kibuyu kimefungwa kwa ukanda wa ngozi ulioshika sawasawa. Mtu aliegemeza tu kiwiko kwenye mkono wa mti uliotokeza pembeni, kibuyu kikainama, maziwa yakatoka. Alikuwa amekijaribu yeye mwenyewe mara nyingi na hakikumwaga hata tone. Mafundi walikipenda. Omollo alipitisha kidole kwenye viungo vya mbao akasema kazi ni safi.

Eucabeth alitoka hadi barabarani akarudi na bibi mmoja aliyekuwa akiuza mboga, Taprandich, ambaye wote walimwita Kogo, yaani nyanya, na ambaye vidole vyake vilikuwa vimejikunja karibu kama vya mama. Akaketishwa, akaambiwa tu kwamba ndani ya kibuyu kuna mursik na wenyeji wana kiu. Chemutai akavuta funda lake la maji.

Kogo alikitazama kile kigoda, akakisifu. Kisha, bila kuugusa mkono wa mti, alianza kuufungua ukanda.

Chemutai aliguna puani. Kogo aliuvuta ukanda kwa kifundo cha mkono, ukakataa, akauinamia na kuutoa kwa meno machache aliyobaki nayo. Akakikumbatia kibuyu kifuani. Na hapo, mbele ya macho ya watu wote, akafanya jambo ambalo kila mtoto wa nyumba za Wakipsigis ameliona tangu siku ya kwanza ya akili zake, na ambalo Chemutai katika michoro yake yote hakulikumbuka: alikitikisa kibuyu. Mursik haimiminwi kabla ya kutikiswa. Makaa hutuama, maji ya maziwa hujitenga, na mama atakayekupa mursik isiyotikiswa afadhali asikupe. Chemutai aliyajua hayo. Aliyajua kama mtu anavyojua kupumua, kwa hiyo hakuyaandika popote.

Kibuyu kilimponyoka Kogo. Kilianguka juu ya maranda, hakikupasuka, lakini kifuniko kiliruka na maziwa yakachuruzika hadi kwenye viatu vya Kebaso.

Kogo Taprandich alificha mikono yake chini ya shuka. "Nimemwaga maziwa ya watu," alisema kwa sauti ndogo. "Hii mikono si ya kupewa kitu."

Maneno ya namna hiyo Chemutai alikuwa ameyasikia jikoni kwao. Aliyameza maji yote kwa mkupuo na macho yakamjaa machozi.

Ndipo Omollo alipoinuka, akaketi kwenye maranda karibu na miguu ya yule bibi, suruali yake ikaloa maziwa. Alisema katika karakana ile mkono haujawahi kukosea hata siku moja. Kilichokosea ni kigoda, na kigoda ni cha kwao wote, kwa maana wote walikitazama na hakuna aliyeona. Kisha akamwomba jambo ambalo Chemutai hangelifikiria: atikise tena, bila kibuyu.

Kogo alimtazama kama mtu anayedhihakiwa. Lakini uso wa Omollo haukuwa na mzaha, basi bibi akatoa mikono, akakumbatia hewa, akaanza kutikisa.

Mafundi wakasogea karibu. Mwendo ule haukutoka mikononi hata kidogo. Ulianza chini, kiunoni, ukapanda mgongoni, ukafika mabegani, ukashuka mpaka kwenye viwiko, na mikono ilifuata tu nyuma kama abiria. Bibi alifumba macho. Aliyumba kushoto na kulia kama anayembembeleza mtoto, na katika kuyumba kule kulikuwa na mama yake, na mama wa mama yake, na asubuhi zote za baridi za vilima hivi tangu ng'ombe wa kwanza alipokamuliwa hapa. Chemutai alisahau hata kulia. Alihisi kama mtu aliyeinua jiwe la kawaida akakuta chini yake chemchemi inabubujika. Alitafuta chaki, na kwenye sakafu ya simenti, kando ya maziwa yaliyomwagika, akaufuata ule mwendo kwa mstari, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi.

"Hiyo ndiyo mashine yako," Kebaso alisema taratibu. "Imekuwapo siku zote. Wewe tengeneza mahali pake pa kukaa."

Mwezi ule mvua zilinyesha kama hazijawahi kunyesha, barabara ya kwenda Bomet ikakatika mara mbili, lakini karakana haikulala. Kebaso alileta beringi za baiskeli akamfundisha Chemutai kuzikaza zisipige kelele. Eucabeth alishona mbeleko ya turubai, kitambaa kile kile wachuma chai wanachofunga kiunoni, akamwonyesha mshono usiofumuka kwa uzito. Chemutai naye aliwaonyesha namna ya kutengeneza mfano mdogo kwa katoni kabla ya kukata mbao, na Omollo alifurahi kama mtoto, akakaa jioni nzima akikata katoni na kujilaumu kwa mbao alizoharibu ujanani. Ukanda na uma vikaondoka. Kibuyu sasa kililala ndani ya mbeleko, na mbeleko ikaning'inia kati ya nguzo mbili.

Kilichobaki kilikuwa kumleta mama. Hilo lilikuwa gumu kuliko beringi. Mama alisema yeye si ng'ombe wa maonyesho. Chemutai hakubishana naye. Alimsimulia tu habari ya Kogo Taprandich na maziwa yaliyomwagika, na jinsi Omollo alivyoketi kwenye maziwa yale. Mama akauliza huyo bibi alikwenda nyumbani namna gani. Chemutai akasema alikwenda akicheka na Eucabeth. Jumamosi mama alijifunga kichwani kitambaa chake cha kanisani.

Aliketi mbele ya mafundi mikono ikiwa chini ya shali. Omollo alimwambia tu kwamba watu wana kiu. Chemutai akavuta maji. Mvua ilikuwa ikigonga mabati na hakuna aliyejali.

Kwa muda mrefu mama hakufanya kitu. Alikitazama kibuyu ndani ya turubai. Alimtazama binti yake aliyevimba mashavu, na tabasamu dogo likampita. Kisha akatoa mikono. Akasimama na kuweka viwiko vyote viwili juu ya mbeleko, kama mtu anayeegemea uzio kuongea na jirani, na mwili wake ukaanza wenyewe. Kiuno, mgongo, mabega. Mbeleko ikaenda na kurudi bila sauti. Ndani ya kibuyu maziwa yakasikika yakijigonga, mazito, halafu laini, halafu laini zaidi, na mama akainamisha kichwa akisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza zamani, Chemutai akiwa mdogo anangoja na kikombe chake mkononi. Aliposikia alichokingoja, alikitoa kifuniko kwa kifundo cha mkono, kisha akaisukuma mbeleko kwa kiwiko kimoja. Mursik ikashuka kwenye kikombe, ya rangi ya majivu na buluu iliyochanganyika sawasawa, ikakoma pale alipotaka ikome.

Hakuna aliyepiga makofi. Kebaso alikuwa amevua kofia yake, na pengine hakujua kwamba ameivua.

Mama alimpa Kogo Taprandich kikombe cha kwanza, maana bibi huyo alikuwa amerudi kujionea. Akamimina cha pili, cha tatu. Alimmiminia Eucabeth, ambaye alikunywa chote akarudisha kikombe aongezewe. Mikono ya mama iliyokunjika ilikuwa nje kabisa, mbele ya watu, na wote walikuwa wakitazama maziwa.

Kibuyu kilipoisha Omollo aliuliza swali walilomwuliza kila mtumiaji: wabadilishe nini?

"Urefu," mama alisema bila kufikiri. "Hapa nimesimama kama mwenye duka. Mbele ya wakwe nitataka kumimina nimeketi."

Chemutai akameza maji yake. "Na shangazi, mama?"

"Shangazi yako ataketi na wageni. Mimi nitammiminia."

Omollo alitoa penseli nyuma ya sikio lake. Akamwomba mama aketi vizuri kwenye benchi, kisha akapiga magoti kwenye maranda, akaanza kupima kutoka sakafuni mpaka gotini kwake.