Wali wa Shomoro

Kinda la shomoro ni kiumbe wa kudharauliwa. Nawajua vizuri, kwa kuwa wiki mbili za mwisho za Kwaresima nilikaa dirishani nikiwatazama wanne walioanguliwa chini ya bati la kijumba changu cha uani, hapa mtaani Keshero. Vichwa vya upara, midomo wazi kutwa. Kazi yao moja tu: nipe, nipe, nipe.

Kijumba hicho nilikuwa nimempa Mukamugema, aliyekimbia vita Rutshuru na mtoto mgongoni. Huyo naye nilimdharau, ila kwa sababu nyingine: haombi. Wiki tano chini ya paa langu, hajawahi kugonga mlango kutaka hata chumvi. Maringo matupu, nilisema moyoni. Mkimbizi gani huyo?

Nilitaka kukipangisha kijumba, na bati lilihitaji fundi. Lakini kuvunja kiota wakati wa Kwaresima niliona ni dhambi. Basi nikamwambia, "Hawa ndege bakiruka, na wewe utatoka."

"Ndiyo, mama." Hakuniuliza aende wapi.

Ili wakue upesi, kila asubuhi nilimwaga wali wa jana bustanini, juu ya mawe meusi ya volkano. Nikirudi dirishani na chai yangu, wali umeisha, na makinda bado wanapiga kelele. Walafi wakubwa! Nikazidi kuwacheka, nikaongeza wali.

Jumamosi Kuu niliwahi dirishani kabla ya kuchemsha chai. Mukamugema alikuwa amechuchumaa bustanini, anaokota wali punje kwa punje, anaupuliza mchanga. Mtoto mgongoni alifungua mdomo, akalishwa juu ya bega. Mwishowe mama yake aliacha fungu dogo juu ya jiwe, akatazama kiota, akaingia ndani.

Niliona aibu. Nikawasha makaa, nikapika sufuria nzima ya wali na maharage.

Nilipotoka nayo, makinda wote wanne walikuwa chini bustanini. Walikuwa wameruka asubuhi ile ile. Walitetemesha mabawa, wali uko miguuni pao, na bado wanamfungulia mama yao midomo. Mukamugema alikuwa amekwisha kufunga godoro lake.

"Rudisha godoro," nikamwambia. "Nimekupikia. Hawa ndege hata kula habajue bado."

"Aksanti, mama. Lakini mulisema bakiruka, nitoke. Baliruka."

"Nilisema ovyo tu! Utaenda wapi na mutoto?"

"Sijue, mama."

Alichota konzi moja ya wali, akamlisha mtoto mpaka akameza, akanishukuru tena kwa mikono miwili. Yeye mwenyewe hakuonja. Kisha akajitwika godoro, akafungua geti, akalifunga taratibu nyuma yake.

Kijumba kina mpangaji tangu Mei. Wali wa jana bado naumwaga bustanini, na hakuna asubuhi ninayoumwaga bila kujidharau.