Kaniletee Maji

…maji, ati, kaniletee maji mwanangu, na chupa imejaa tele pale mezani mbele ya magoti ya mama, na Mwanamwema akainuka! Akainuka mbio kama mtoto mdogo wa chuoni, mwanamke wa miaka sitini na ushei, mvi kichwani, akachukua gilasi akaingia jikoni, na sasa kasimama mbele ya mfereji, maji yanamiminika, ndipo akili inamrudia, khaa, kafukuzwa, kafukuzwa asijione mwenyewe, kwani yule msichana wa kwenye televisheni anayefunga mlango wa duka la dobi na kumgeukia fundi wa vitasa, yule anayekaribia kubusiwa, ni nani kama si yeye, ni yeye huyo huyo, wa miaka ishirini na mitatu, shingo ndefu, kilemba kichwani… lakini mwili haukungoja ruhusa, mwili unaijua sheria ya nyumba hii tangu walipokuwa hawana hata zulia, watu wawili wakikaribiana nyuso kwenye televisheni baba anakohoa na mama anashikwa na kiu, na mtoto aliyetumwa maji harudi mpaka aitwe, anabaki jikoni anachezea kitasa cha kabati, anaujua ukimya ule wa ukumbini kuwa ndio busu lenyewe, halafu sauti ya mama, haya, yako wapi hayo maji… na leo, jamani, aliyetumwa maji ndiye aliyebusu. Angewaambia nani Paris wakamwamini? Yule mwanamke ambaye wahudumu wa mikahawa wanampisha mlangoni, ambaye wasichana wa chuo cha uigizaji wanaigiza mwendo wake, yuko Kingsbury, London, jikoni kwa mama yake, kaambiwa atoke.

Na kosa ni la Haifa, binti wa kaka yake, mtoto mzuri lakini kidole chake hakitulii kwenye rimoti, kabonyeza huku kabonyeza kule, mara, "Shangazi, that's you!", na Mwanamwema alikuwa ameshafungua mdomo, alikuwa ameshasema "Mama, kesho…", tiketi imo mkobani, ya mstari wa mbele, kwa sababu wiki nzima hii sinema moja kubwa ya huku London inaonyesha filamu zake zote na kesho atapanda jukwaani yeye mwenyewe ahojiwe, na anamtaka mama yake akae pale mbele, mara moja tu, kabla miguu ya mama haijakataa kabisa, ndilo lililomtoa Paris, si tuzo wala maua, hilo tu… alilifanyia mazoezi njia nzima ndani ya treni, na tazama sasa, mtu aliyesema maneno ya watunzi wakubwa mbele ya kamera bila kukosea neno, sentensi moja ya kumwambia mama yake imemshinda.

Wala hakubebwa na mtu, hilo alijue kila mtu. Alikwenda Ufaransa kulea watoto wa daktari mmoja, siku moja karudi kutoka kununua mikate, njia imefungwa, watu wa filamu wamejazana na mataa yao mchana kweupe, ngoja dada, wakamwambia, na yeye akawaambia kwa Kifaransa chake kile cha kuokota, watoto wana njaa, nipisheni, akapita katikati ya kamera na mikate yake kwapani, na yule mzee mtengeneza filamu akamkimbilia, Mwanamwema akajua anakuja kutukanwa, akajiandaa naye kujibu, kumbe mzee anahema tu, anamwomba, pita tena… akapita tena, na hajaacha kupita mpaka leo. Wakamwambia jina refu, tulikate, halitaenea kwenye bango, akasema ongezeni bango. Wakaongeza! Mwanamwema Sultan, herufi zote, ukutani, kwenye vituo vya treni, Wafaransa wakivunjika ndimi zao. Jina la baba ndilo hilo, na baba, Mungu amrehemu, alipiga simu mara moja tu, jina langu usilibandike ukutani, akakata, na hakuzungumza naye tena mpaka alipozikwa. Na mama? Mama kila Ijumaa simu, umekula? Huko kuna baridi? Umepata mchele wa kueleweka? Watu wa mtaani wakasema waliyoyasema, mtoto wa Bwana Sultan kavua nguo huko Ufaransa, na hakuvua, alivua viatu tu, lakini nani aliuliza, na mama hakusema ndiyo wala siyo, filamu neno hilo halikupita kinywani mwake, miaka nenda miaka rudi… basi Mwanamwema akaufanya ukimya huo kidani, akajivika. Waandishi wakimuuliza juu ya nyumbani alinyanyua kidevu akasema, mama yangu hajapata kuona filamu yangu hata moja, na wao wanaandika mbio mbio, wanaipenda hiyo, na yeye naye, aseme kweli, aliipenda, kilimpendeza kile kidani na kilimchoma shingoni.

Gilasi imejaa, inamwagika, afunge mfereji, afunge… akafunga, na nyumba ikawa kimya, akawasikia.

"Sasa tazama," mama anasema, "atavua viatu."

Kikaanguka kiatu kule kwenye televisheni, kikaanguka cha pili. Mama kabahatisha, mwanamke anayerudi nyumbani lazima avue viatu, hata mjinga angejua… "Na kile kilemba ni kanga yangu ile, unaiona? Niliitafuta nyumba nzima mpaka nikaiona hapo kichwani pake. Mwizi mkubwa." Na anacheka, mama anacheka, lakini anaiona leo au aliiona… lini, mama, uliiona lini? "Ehee, hapa ndipo CD yetu inapokwama. Leo imepita."

CD yetu. Mwanamwema akashika ukingo wa sinki. CD yetu, ati, yetu, na wote wawili, bibi na mjukuu, wamekaa pale ukumbini uso mkavu, Shangazi that's you, kumbe kidole cha Haifa hakikupotea njia, mtoto katumwa… na Arjun, Arjun wa duka la video Kingsbury Road, mzaliwa wa Mombasa, kila alipopita dukani kwake alimwambia mama yako mteja wangu mkubwa, ananisumbua huyo, namwagizia mbali, na yeye akadhani ni filamu za Kihindi, akadhani mama anawalilia waigizaji wa Bombay… alizitazamia wapi? Baba akiwa msikitini? Alimtazama mwanawe akibusiwa, akipigwa, akifa mara tatu, bila kujua neno moja la Kifaransa, halafu Ijumaa anapiga simu, umekula?

"Bibi, shall I call Auntie?"

"Mwache! Nimemtoa kwa hila. Nitamkodoleaje macho pale kwenye televisheni na yeye kakaa ubavuni kwangu, haya zangu nitazipeleka wapi? Ngoja alie kwanza mwanangu. Anaanza jicho la kushoto. Akimaliza ndipo umwite."

Na ni kweli, jicho la kushoto, hakuna mchambuzi aliyewahi kuliona hilo, hata yeye mwenyewe hakulijua, na sasa hapa, mbele ya mfereji, akapeleka kidole shavuni, shavu la kushoto limelowa, la kulia bado kavu, na kifua kimemjaa, si huzuni hii, asidanganywe na mtu, hii ni fahari, fahari tupu, ya mtu aliyepanda majukwaa yote akitafuta uso mmoja kwenye giza na kumbe uso ulikuwapo, mstari wa mbele, kwenye kochi hili hili lililochakaa… na tiketi ibaki mkobani, wala hataitoa tena, mama ana kiti chake na ana siri yake, nani wa kumvua siri hiyo mbele za watu. Kesho watamuuliza juu ya nyumbani, kama kawaida yao, na yeye atanyanyua kidevu, mama yangu, atasema, hajapata kuona filamu yangu hata moja, atalisema uso mkavu, wasimjue, na hajawahi kuigiza vizuri kama atakavyoigiza hapo.

"Umeona?" mama anasema kule ukumbini. "La kushoto. Si nilikwambia?"

Mwanamwema akaimwaga ile gilasi polepole, bila kelele, akaanza kuijaza upya, hana haraka, hajaitwa bado.