Chungu Kilichofunuliwa Kabla ya Amina

Jumamosi moja alasiri, mwaka wa pili baada ya watu kuhamishwa, Penina alikaa kwenye kigoda jikoni kwa kaka yake huko Sing'isi, akimenya ndizi mshare. Alikuwa amejipaka samli viganjani ili utomvu usimgande, na maganda aliyatupa nyuma bila kugeuka, maana mbuzi alikuwa amekwisha kuzoea kusimama pale pale. Maharage yalikuwa mekoni tangu adhuhuri. Yalipoanza kuchemka, chungu kilitoa sauti ya besi, nzito na ya taratibu, kama kawaida yake. Wifi yake Hanna, aliyekuwa akibembeleza mtoto chumba cha pili, akamwomba apunguze moto, mtoto ndiyo kwanza anasinzia.

Penina akavuta ukuni mmoja nje, na besi ikashuka ikawa kama ya kunong'ona. Kisha, kwa kuwa Hanna hakuwa akimwona, akachota kijiko kizima cha kahawa iliyosagwa, akakitia kwenye maharage.

Kahawa ndani ya maharage ni jambo ambalo hakuna mtu mwenye akili zake katika Meru nzima aliyewahi kulifanya. Kahawa ililimwa ipelekwe kwenye chama cha ushirika, si iingie chunguni. Lakini Penina alikuwa hivyo tangu usichana wake. Mwezi alioolewa aliwapikia wakwe loshoro yenye iliki, na baba mkwe akaonja mahindi yale na mtindi wake, akauliza kwa upole kama kuna mtu amemwaga manukato. Akienda sokoni Arusha mjini hakurudi bila kupita duka la Mhindi kunusa magunia. Aliwahi kukaanga ndizi kwa bizari, aliwahi kuponda parachichi ndani ya uji, na kuna wiki moja ambayo familia yake haikutaka kuizungumzia. Mtu pekee aliyekula kila kitu alikuwa mume wake, Sumari. Huyu alipiga besi, tarumbeta kubwa kuliko zote, katika kikundi cha tarumbeta cha usharika wao, na chakula alikionja jinsi alivyosikiliza wimbo: alifumba macho, akangoja sauti zote ziingie, ndipo akasema kipi kimezidi na kipi kimepungua. Penina alimpenda kwa mengi, lakini kwa hilo alimpenda zaidi.

Sumari alikufa kwa homa ya mapafu kule Ngarenanyuki, upande wa pili wa mlima, wiki ile ile serikali ilipokuja kuwaondoa watu ili ardhi wapewe walowezi. Walimzika shambani kwake. Kikundi cha tarumbeta kilisimama kando ya kaburi kupiga wimbo wa kuaga wenye beti nne, na besi yake wakaisimamisha kichwani pa kaburi, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuipiga. Wanawake wa usharika ule walikuwa na desturi yao. Chakula cha msiba kilipikwa karibu na kaburi, na ubeti wa kwanza ulipoanza, chungu kilifunikwa kwa jani la mgomba ili vumbi la kaburi lisiingie. Hakikufunuliwa mpaka wimbo umalizike, kaburi lifunikwe, na mchungaji aseme Amina.

Malori yalifika katikati ya ubeti wa tatu, na kaburi lilikuwa limejaa nusu. Bwana shauri, Mzungu mtawala wa wilaya, alisimama juu ya Land Rover akatangaza kwamba wana saa moja. Askari waliwanyang'anya wachimbaji majembe, nyumba zikaanza kuwashwa moto, na kila mtu akashika alichoweza kushika. Wapigaji walishika tarumbeta zao. Penina hakushika kitanda wala cherehani. Alishika mkono wa mwanawe Kaanaeli, akajitwika chungu cha makande, akapanda lori.

Walipofika kwa kaka yake Elisaria, Kaanaeli na watoto wengine waliokuja nao walikuwa hawajatia kitu kinywani tangu asubuhi. Penina alikitazama chungu, akawatazama watoto. Wimbo haukuwa umekwisha na hakuna aliyekuwa amesema Amina, lakini njaa ya mtoto haisubiri mchungaji, kwa hiyo akalifunua jani. Ubeti wa kwanza ukatoka pamoja na mvuke. Watoto walikula wakiusikiliza, na Hanna akaenda kufunga mlango ili majirani wasidhani kuna sherehe nyumba yenye msiba.

Tangu hapo chungu kikawa hivyo. Penina hakukaa kulalamika, alianza kujaribu. Aligundua kwamba ndizi zilitoa zile tarumbeta ndogo za juu, na mtindi ulizilainisha. Mahindi yalileta sauti za kati. Bizari ilifanya wimbo uende haraka kupita kiasi, na Elisaria, aliyekuwa mwalimu wa tarumbeta na mtu mwenye msimamo katika mambo hayo, aliikataza. Maharage yalitoa besi. Siku ya mazishi besi haikupigwa na mtu, maana mpigaji wake alikuwa ndani ya sanduku, lakini chunguni ndiyo iliyosikika kuliko zote.

Watu waliohamishwa walikuwa wamekataa kwenda walikopangiwa, wakatawanyika kwa ndugu zao miteremkoni. Walianza kuja kila Jumamosi. Wapigaji walikuja na tarumbeta zao, wakakaa kwenye magogo uani, wakapiga wakifuatisha chungu, na Elisaria akawasahihisha wote pamoja na chungu chenyewe. Zilikuwa alasiri tamu sana. Wanawake walileta mboga ya mnafu na karanga, wakabishana nini kitiwe kwanza, na hata Hanna, ambaye hakuwahi kumsifu wifi yake mbele ya watu, alionekana akikwangua chungu kwa kidole.

Ila ubeti wa tatu ulipofika katikati, wimbo ulikatika, na kutoka chunguni yakasikika malori. Hapo watu wote walisimama, wakashika watoto wao, vikapu vyao na viti walivyokalia. Ikasikika sauti ya bwana shauri ikisema wana saa moja, kisha nyasi za paa zikiliwa na moto. Kisha kimya. Watu walikaa tena, na Penina akapakua. Wapigaji walijaribu mara nyingi kuendelea na ubeti uliobaki, lakini kwenye tarumbeta zao ilitoka pumzi tupu.

Tena kulikuwa na udongo. Kila chakula kilipokwisha, chini ya chungu palibaki udongo wa kijivu wa Ngarenanyuki, mwepesi kama majivu, ambao haufanani hata kidogo na udongo mwekundu wa Sing'isi. Penina aliukung'utia mahali pamoja, pembeni mwa migomba. Kwa miezi mingi lilikuwa fungu tu. Halafu likaanza kurefuka, na siku moja Hanna, akipita na kuni, alisimama akalitazama, akasema lina urefu wa mtu. Penina akajibu kwamba ameliona.

Siku mbili baada ya maharage ya kahawa, alikuja Simaloi, mama wa Kimasai aliyezunguka mlima na punda wake akiuza magadi na maziwa. Magadi aliyachota kule kule Ngarenanyuki, akipenya chini ya seng'enge za mlowezi. Alifunga punda, wakasalimiana kwa urefu wake wote, akapewa chai.

"Mama Kaanaeli," akasema, "mzee wako anakusalimu. Anasema kahawa ilizidi."

Penina aliona haya kidogo. Aliuliza kama maharage yenyewe yalikuwa yameiva.

"Yaliiva. Anasema wazo ni zuri, mkono ndio mzito."

Ndipo Simaloi akaeleza mengine, kwa sauti ile ile aliyoelezea bei ya maziwa. Kaburi liko wazi. Udongo uliokuwamo unapungua kila wiki, hauliwi na upepo wala mvua, unapungua tu, na sasa sanduku lote linaonekana. Mfuniko umeoza upande mmoja. Ng'ombe wa mlowezi wanapita kando, isipokuwa ndama mmoja aliyetumbukia na kutolewa kwa kamba. Besi bado imesimama pale pale, na ndani yake ndege amejenga. Mzee hasumbui mtu. Anauliza tu watakuja lini kumalizia.

Penina alitazama fungu lake pembeni mwa migomba, na moyo wake ukauma kwa namna ambayo haukuuma hata siku ya malori, kwa sababu siku ile hakuwa na hatia. Alikuwa akimfukua mume wake kijiko kwa kijiko, huku watu wakimsifia mapishi. Lakini asipopika, Sumari atakula nini? Alimwuliza Simaloi hivyo, na Simaloi akasema hilo hakutumwa.

Penina akaamua kwamba atakwenda. Alitaka asubuhi moja tu, yeye, kikundi cha tarumbeta na majembe mawili, wafukie, wapige kilichobaki, waseme Amina, warudi.

Hakuhitaji kwenda ofisini kuomba ruhusa. Bwana shauri alikuja mwenyewe Jumamosi iliyofuata, kwa sababu alikuwa amesikia habari za mikusanyiko. Alikuwa yule yule wa siku ya malori. Alivua kofia, akamwamkia mama mmoja mzee shikamoo kwa matamshi mazuri, akapewa kiti chenye mgongo. Penina alimpakulia kabla ya wengine, ndizi kwa maharage na mtindi, na kahawa kiasi cha ncha ya kisu. Bwana shauri alikula, akaomba tena. Alisikiliza beti mbili akitikisa mguu, akasema wanapiga vizuri, hasa besi. Malori yaliposikika na watu wakasimama na vikapu vyao, naye alisimama, kwa adabu. Sauti yake ikatoka chunguni ikitangaza kwamba wana saa moja.

"Ndiyo, ni mimi," alisema walipokaa. "Ila nilisema mara mbili. Hapa imesikika mara moja."

Elisaria alikiri kwamba huenda ni kwa sababu ya mtindi. Bwana shauri alisema mikusanyiko ya namna hii inahesabiwa kuwa ngoma, na ngoma inahitaji kibali, ila yeye haoni ubaya, mradi wamalize kabla ya jua kuzama.

Penina alipiga moyo konde, akafuta mikono kwenye kanga, akaja kusimama mbele yake. Alieleza yote: desturi ya jani, ubeti wa tatu, sanduku lililo wazi, asubuhi moja. Hakulia. Bwana shauri alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba aonyeshwe udongo. Walimpeleka pembeni mwa migomba. Alichutama, akausugua kwa vidole, akanusa.

"Huu ni wa kule," alisema. "Hakuna shaka."

"Ndiyo, bwana," Penina akasema.

"Basi, mama, shauri lako limekwisha. Shamba la kule lina mwenyewe, na kwenye ramani yake hakuna kaburi. Udongo wa kaburi umehamia hapa. Serikali itahesabu kwamba kaburi liko hapa."

Penina akamwambia kwamba mume wake yuko kule. Bwana shauri alifikiri, na inaonekana alifikiri kwa dhati, maana uso wake ulikuwa na huzuni. Alisema watu wote wa kule walikwisha kuhamishwa, na yeye mwenyewe alihakikisha. Akashukuru kwa chakula, akavaa kofia, akaondoka.

Wiki ile Penina hakujaribu kitu kipya. Jumamosi alipika makande matupu kama yale ya msiba, mahindi, maharage na magadi ya Simaloi. Alikifunika chungu kwa jani. Wapigaji walisimama kulizunguka fungu, ambalo sasa lilikuwa kaburi kamili, limeinuka katikati na kulala vizuri pembeni, na Hanna alikuwa amepanda maua kichwani pake bila kumwambia mtu. Mchungaji alikuja. Chungu kilipiga ubeti wa kwanza na wa pili. Katikati ya wa tatu malori yalisikika, watu wakasimama, wakashika watoto, wakakaa. Elisaria akainua mkono kwa ajili ya ubeti wa nne, na wapigaji wote wakavuta pumzi na kupuliza.

Ilitoka pumzi tu, ndefu, ikaenda hata majani ya migomba yakatikisika. Mchungaji akafunga kitabu chake bila kusema Amina. Kaburi lilikuwa tayari na waombolezaji walikuwapo. Aliyekosekana ni maiti. Walikula, na walipomaliza Penina akatazama chini ya chungu, akakuta pakavu na safi, hakuna hata chembe ya udongo.

Simaloi alipopita tena, alikunywa chai yake, akasema kaburi la kule sasa halina udongo kabisa, na mlowezi ameweka seng'enge kulizunguka ili ndama wasitumbukie. Mzee anasalimu. Makande yalikuwa matamu, ila aliona yana ukimya, kama aliyepika alikuwa na mawazo. Anauliza watakuja lini.

Penina alisogeza kuni mekoni. Maharage yalikuwa yameanza kuchemka na besi ilikuwa ikiingia, taratibu, kama mtu anayesafisha koo. Alifungua kopo la kahawa, akachota kwa ncha ya kisu, akapunguza, akapunguza tena.

"Mwambie kahawa nimepunguza," alisema.

Simaloi alingoja aone kama kuna zaidi. Kisha akamaliza chai, akafungua punda wake, akashika njia ya kuzunguka mlima.