Alivyonisomea Vernita

Mjukuu wangu Keyona alihamia Minnesota kwa kazi ya uuguzi, na nyumba yetu ya hapa Macon, kusini mwa Marekani, ikabaki yangu na friji inayonguruma. Keyona si mpigaji simu. Huandika ujumbe, tena kwa Kiingereza cha vijana, maneno yamekatwa mikia na herufi zimepachikwa anapojua mwenyewe.

Mimi ndiye msomaji wa matangazo kanisani kwetu. Nilifundishwa kutamka kila herufi iliyoandikwa, na mwalimu alikuwa na rula. Nikawa nasoma ujumbe wa Keyona vivyo hivyo, nisiambulie kitu. Siku moja nikamwomba aniandikie vizuri. Alinitii. Akaanza kuniandikia kama mtu anayeomba kazi: hujambo, siku njema, basi. Ujumbe ukafupika, kisha ukaadimika. Nikambembeleza aandike apendavyo, nitajifunza. Moyoni nilijua nikishindwa safari hii, atanyamaza kabisa.

Ijumaa ukaja ujumbe mrefu. Neno la kwanza tu, "iont", lilinishinda. Nikaenda nao saluni kwa Vernita, maana ndiyo siku yangu ya kunyoosha nywele. Kwa Vernita hakuna siri. Barua ya mahakama, ujumbe wa mchumba, vyote husomwa kwa sauti na kila mtu hutoa hukumu. Nami nikausoma kwa sauti yangu ya matangazo. Wanawake wakacheka, hata wale walioketi chini ya mashine za kukausha nywele.

"Mama Lucinda, mpe Vernita hiyo simu," mmoja akasema, "kabla hujatuitia pepo humu ndani."

Vernita alifuta mafuta mikononi, akaichukua. Akaniambia nifumbe macho, mtoto ameandika anavyosikia, si anavyoona. Akaanza kusoma, na Keyona akaingia saluni mzimamzima, na ule uvivu wake wa kumalizia maneno. Kumbe "iont" lilikuwa "I don't" tu, yaani "mimi si", kama alivyolitamka marehemu mama yangu maisha yake yote. Wenzangu waliacha kucheka, wakawa wanamwitikia kama mahubirini.

Ghafla Vernita akakatiza; macho yake yalikuwa yametangulia mistari. Akawasha mashine iliyokuwa kando yangu, ingawa haikuwa na mtu, akainama na kunisomea sikioni, ndani ya kelele ile.

"Bibi, mimi hata sipiki siku hizi. Nimpikie nani? Nikitoka kazini nakaa tu kwenye gari, maana humo ndani hakuna wa kuniuliza nimeshindaje. Usimwambie mtu."

Wenzangu wakauliza mtoto anasemaje. Vernita akawajibu kwamba anataka kujua kunde zinaungwaje. Basi, wakaanza kubishana juu ya kunde, kila mtu na yake, nami nikapata nafasi ya kujifuta macho.

Sikumwandikia jibu. Jioni, saa anayotoka kazini, nilimpigia.

"Uko kwenye gari?"

"Niko, Bibi."

"Haya shuka, twende wote ndani. Umeshindaje?"

Nikasikia mlango wa gari, kisha funguo, kisha nyayo zake kwenye sakafu isiyo na zulia. Akaanza kunisimulia, polepole. Nikavuta kiti.