Mablanketi ya Mama Mkwe

Mtu uitwe Fundi Waya, halafu mtandao ukugomee nyumbani kwako! Na siku yenyewe ndiyo hiyo mkewe anafanyiwa usaili wa kazi kwa video, saa tatu, baada ya mwaka mzima wa kukaa bure.

Kompyuta ya mkewe ilikuwa kuukuu, haijui mtandao wa hewani, inataka waya. Nayo ilikaa chumba cha uani, mbali na nyumba kubwa ya mama mkwe. Basi Fundi akafunga visanduku viwili: kimoja kwenye ukuta wa nyumba kubwa kiurushe mtandao hewani, cha pili juu ya mlango wa uani kiudake, kiushushe kwenye waya mpaka kompyuta. Daraja lisilo na mbao wala misumari. Sharti lake moja tu, vionane. Jana vilionana vizuri. Leo, kimya.

"Umeangalia kila kitu?" mkewe aliuliza, machozi yakimlenga.

"Kila kitu," Fundi akajibu. Uongo mtupu! Kosa alilijua tangu asubuhi. Katikati ya visanduku, mama mkwe alikuwa ameanika mablanketi mazito yanayochuruzika maji, na pembeni yake nguo zake za ndani. Sasa mkwe gani mwenye adabu atainua macho kule, sembuse kugusa? Akachomoa waya, akachomeka tena. Jasho likamtoka.

"Baba," mama mkwe akaita kutoka jikoni, "mbona unazunguka umeinamisha kichwa, umedondosha sindano?"

"Hapana, mama. Ni… kuna kitu kimekaa njiani, mama."

Mama akatoka nje, akatazama kisanduku hiki, akatazama kile, akatazama kamba. "Ala! Si ungesema! Mwanangu akose kazi kwa ajili ya chupi zangu?" Akavuta mablanketi na nguo zote kwa mkupuo, vibanio vikaruka.

Taa ya kisanduku ikawa kijani. Fundi akamsikia mkewe ndani: "Ndiyo, nawasikia vizuri." Akashusha pumzi. Alipotaka kuvuka uani, mama mkwe, ameketi na rundo la nguo mbichi mapajani, akamnyooshea kidole.

"Zunguka nyuma, baba. Usimkatie mwanangu daraja."

Hatimaye mlango ukafunguka. Mkewe alikuwa analia na kucheka. "Wamenichukua! Naanza Jumatatu!"

Mama alimkumbatia na nguo zake mbichi hivyo hivyo, wote wakalowa. Kisha akamgeukia Fundi. "Haya, sasa naruhusiwa kuanika?"

Fundi akacheka, akashika ncha ya blanketi, wakaanika pamoja. Zile nyingine alimwachia mwenyewe.