Waridi Ndani ya Kopo Jeusi

Kitendawili hiki nakitegua mwenyewe, maana hamtakiweza: nyumba mbili, moja nyeusi, moja ya pinki, mgeni humo ni mmoja. Ni krimu ya uso. Miaka kumi na tisa nimejaza makopo kiwandani hapa Ansan, pinki ya wanawake, nyeusi ya wanaume. Krimu ni ile ile, ila ya wanaume haitiwi waridi, hutiwa spiriti iwashe kidogo, wajione wamejipaka kitu cha kiume.

Mjukuu wangu Seung-gyu ana ukurutu tangu ananyonya. Spiriti ikimgusa, ngozi hupasuka. Krimu ya pinki ndiyo inayomtuliza. Alipoitwa jeshini nikamfungia makopo matatu.

Wiki ya pili akapiga simu.

"Bibi, usinitumie tena hiyo."

"Imekuunguza?"

"Wakubwa wa bwenini wameliona kopo. Sasa naitwa Bi Harusi. Kila asubuhi, 'Bi Harusi, bwana kaamka, njoo umpake!'" Akacheka, kicheko kikavu. "Nitumie nyeusi."

"Nyeusi itakuchuna, baba."

"Heri inichune yenyewe kuliko wao."

Nikajiona nina akili kuliko wote. Niliomba kiwandani makopo meusi yaliyokwaruzika, nikayajaza krimu ya pinki, nikatuma kwa posta. Moja likabaki mezani kwangu.

Siku ya nane akaja Yeon-ok, mama yake Seung-gyu, macho yamevimba. Akalifungua lile kopo, akanisogezea puani.

"Mama, inanukia nini?"

Nikanusa, nikanusa tena. "Hainukii kitu."

"Waridi, mama! Nyumba nzima inanukia waridi!"

Sisi tunaojaza pinki, pua huizoea harufu hiyo ikafa mwaka wa kwanza. Wageni wa kiwandani wakilalamika harufu inawaumiza kichwa, tunawacheka. Sikukumbuka kwamba bwenini kuna pua nzima.

Yeon-ok akanieleza: wale wa bwenini waliinusa, wakampiga, wakasema amewadanganya wakubwa zake. Kisha wakamshika mikono na miguu, wakampaka ya kiume, ya kwao, kopo zima, juu ya vidonda, mpaka ndani ya macho.

Hospitali ya jeshi ilituruhusu kumwona Jumamosi. Amefungwa bandeji uso mzima, macho nayo, pua na mdomo tu viko wazi. Nikaingia kimya kimya, nisimshtue, nikainama nimshike mkono. Akaurudisha chini ya shuka.

"Bibi, rudi nyuma kidogo," akasema. "Unanukia."

Nikanusa mkono wa koti langu. Sikusikia kitu.